Springi ya Kushoto

Jua lilikuwa limeanza kuteremka pale Mpaka Nione alipoingiza pikapu yake kwenye karakana ya Mama Springi, akaizima, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni kabla hata ya kusalimia. Si kwa ubaya. Ndivyo alivyoumbwa. Seremala huyu hanunui nazi bila kuitikisa sikioni, na wenye maneno wanasema hata siku ya harusi yake alichungulia chini ya shela kuhakikisha hajabadilishiwa bibi harusi. Jina lake la kuzaliwa lilishasahauliwa mtaani. Mwambie mvua inakuja, atakujibu, "Mpaka nione."

Lakini jioni hiyo hakuja kubishana. Alikuja kwa sababu aliogopa.

Mkewe alikuwa mjamzito, na hii ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, zote ndani ya pikapu hiyo hiyo, kwenye ile barabara ya mawe inayotoka nyumbani kwao kwenda hospitali. Daktari alilaumu mtikiso. Mpaka Nione naye akalaumu mtikiso, maana mtikiso aliujua, aliuona kwa macho yake. Mkewe ndiye hakuulaumu.

"Kuna mtu nyuma yangu," alimwambia mara ya kwanza, mkono tumboni, wakiwa katikati ya mawe. "Ananipumulia kisogoni."

Mumewe alisimamisha gari, akashuka, akatazama nyuma. Bodi ya mizigo tupu. Kamba na tairi la akiba, basi.

Mara ya pili alisema vile vile. Na mara ya pili pia mtoto akaondoka. Sasa mwanamke huyo alikuwa amekula yamini kwamba hapandi tena gari hilo. Gari lingine hawakuwa nalo, na hospitali haisogei. Ndipo mumewe akapiga moyo konde: atatafuta shokapu mpya, laini, za kumeza mtikiso, na ataliinua gari kidogo lisigonge mawe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alishaumwa mara mbili.

Mama Springi alifuta mikono yake kwenye dera lililojaa grisi. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kukoromea, na alifanya kazi peke yake.

"Unabeba nini?" aliuliza.

"Nimekuja kununua shokapu, dada, si kuhojiwa."

"Shokapu ni viatu vya gari, baba. Sikuvishi viatu bila kujua unakwenda wapi na umebeba nini. Kila mteja namuuliza, na asiponijibu gari lake halipandi jeki hapa."

"Milango, mara moja moja. Na mke wangu. Mjamzito."

Uso wa yule mama ukalegea. Akampangia aina tatu juu ya meza. "Hizi za bei poa zitakuchekea mwezi mmoja, halafu ziteme mafuta. Hizi nyekundu ni za mzigo mzito, ukimpakiza mjamzito juu yake atakulaani wewe na ukoo wako. Hizi hapa za gesi ndizo zako. Zinatulia, hazirushi mtu."

Mpaka Nione alizishika moja moja. Akazikandamiza. Akazinusa. "Na kuinua?"

"Vidole viwili, usizidi. Nyinyi wanaume mnataka gari lisimame kama jogoo. Likilala kwenye kona, mnaniita mimi mchawi."

Akacheka peke yake. Kisha akamwambia atoe kila kitu garini, maana gari hupimwa likiwa tupu. Zikatoka kamba, jeki, tairi la akiba, hata kikombe cha chai. Mama Springi akachukua tepu yake na kupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, gurudumu kwa gurudumu. Mbele kulia, sawa. Mbele kushoto, sawa. Nyuma kulia, sawa.

Nyuma kushoto alipima.

Akapima tena.

"Hujatoa kila kitu," alisema.

"Nimetoa."

"Upande huu umelala kiganja kizima. Toa mzigo, baba."

Mpaka Nione akaona hapa ndipo anapotaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mafundi hawa! Leo tepu, kesho springi nne mpya usizozihitaji. Akamnyang'anya tepu na kupima mwenyewe. Kiganja kile kile. Akadai sakafu imeinama, na Mama Springi, bila ubishi, akaligeuza gari likatazama kule lilikotoka. Ni kushoto kule kule.

"Springi imechoka, basi," alisema, akiona aibu kidogo.

"Tutaiuliza."

Alilipandisha gari kwenye jeki, akafungua springi za nyuma, zile za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, akazilaza sakafuni ubavu kwa ubavu. Zilifanana kama mapacha. Mkunjo ule ule, kimo kile kile. Wala ya kushoto haikuwa na ufa.

"Nzima," alisema Mama Springi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Springi hailali bure. Inalala kwa sababu imelaliwa."

Zikarudishwa. Gari likashushwa. Mama Springi akaegemea bampa la nyuma kwa uzito wake wote, kisha akaachia, kama mafundi wote wafanyavyo. Gari lilizama, likapanda, likatulia.

Wakasubiri...

Kisha upande wa kushoto ukazama tena. Polepole. Peke yake.

Kriii...

Hakuna aliyeligusa. Ilikuwa kama mtu amehama tako moja na kukaa vizuri zaidi. Na hapo ikaja harufu, harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni zikachachia humo. Mpaka Nione alihisi nywele za mikono zikisimama.

"Nani alikuuzia gari hili?" Mama Springi alinong'ona.

"Mtu mmoja. Alikuwa anahama."

"Kwa haraka?"

"Kwa haraka."

"Alisema nini akikupa ufunguo?"

Mpaka Nione alikumbuka vizuri, maana yule mtu alimfanya aitikie mara mbili. "Alisema ananiuzia gari na vilivyomo. Nikasema sawa. Nilidhani anasema jeki na tairi."

Mama Springi alirudi nyuma, mbali na bodi. "Nisikilize, baba. Mimi si mganga. Usiniambie niweke kitu hapa leo. Liache lilale upande, ili kila asubuhi ulione na ukumbuke. Mkeo asipande. Mtafute mtu anayejua mambo haya, amwambie huyo ashuke kabla mkeo hajajifungua."

Ee, kumbe! Mpaka Nione akapumua. Hofu yote ikageuka hasira, na hasira aliizoea, ilimkaa vizuri zaidi. "Na huyo anayejua ni shemeji yako, sivyo? Anakaa nyuma ya duka. Mnagawana."

"Sina shemeji."

"Dada, niongezee bamba upande wa kushoto. Gari likae sawa, basi. Nikiliona limekaa sawa, nimemaliza."

"Bamba la mzigo wa kudumu?" Mama Springi alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeshika wembe. "Bamba hilo huwekwa kwa mzigo usioshuka. Tangi la maji, au mashine iliyofungwa kwa bolti. Ukiliweka wewe, umemwandalia kiti. Umemkubali."

"Weka."

"Basi sema. Sharti la hapa unalijua. Mwenye gari aseme kwa kinywa chake anabeba nini."

Dirishani jua lilikuwa limebakiza ukingo tu. Mpaka Nione aliona anafanywa mjinga, na mjinga ndicho kitu alichoapa hatakuwa. Akageukia bodi ile tupu, akapaza sauti kwa dhihaka. "Nambeba huyo huyo! Siku zote, mpaka atakapotaka kushuka mwenyewe. Umeridhika?"

Halafu, kutoka kwenye kona ya kushoto ya bodi, ndefu, ya raha, kama ya mtu aliyesimama siku nyingi ndipo akapewa kigoda...

"Aaaah."

"Upepo," alisema Mpaka Nione. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa.

Mama Springi alifunga lile bamba, akafunga shokapu za gesi, akaliinua gari vidole viwili, spana ikimponyoka mara kadhaa. Hela alimwambia aziweke chini sakafuni. Hakutaka kuzipokea mkononi mwake.

Gari likakaa sawa kama meza. Mpaka Nione akaliona, akaridhika.

Na kusema kweli, lilikwenda vizuri. Mawe yaliyokuwa yakiwatingisha meno sasa yalipita chini kimya kimya. Alimbembeleza mkewe, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mpaka mama wa watu akakubali kupanda kwenda kliniki. Walienda, wakarudi. Wakaenda tena. Tumbo likakua.

"Unaona?" alimwambia siku moja. "Ilikuwa barabara tu. Bado anakupumulia?"

"Hapana."

"Ameshuka!"

Mkewe alitazama mbele, mkono juu ya tumbo. "Hajashuka, mume wangu. Ametulia tu. Kama abiria anayekijua kituo chake."

Mpaka Nione alicheka kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Usiku huo, kitandani, alijiambia kuwa wajawazito husema mengi.

Uchungu ulimjia mkewe mchana, jua likiwa kali. Wakaingia garini, na yeye akaendesha kama aliyebeba mayai, akiomba Mungu kwa sauti, yeye asiyeomba mbele ya watu. Hakuna jiwe lililowarusha. Hakuna damu. Walifika getini salama, mlinzi akafungua mbio, manesi wakamweka mkewe kwenye kitanda cha magurudumu wakaondoka naye, na Mpaka Nione akabaki kwenye benchi la ukumbini akibana mikono kati ya magoti. Aliwataka hao wawili kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Kuelekea magharibi akasikia mtoto akilia.

Alilia naye. Hakuona haya. Nesi akatoka akamwambia ni wa kiume, na mama ni mzima, asubiri kidogo wamsafishe. "Na gari lako, baba, liondoe pale getini. Umeziba njia."

Akatoka anacheka, machozi yangali shavuni. Akazunguka nyuma ya pikapu.

Kicheko kikakatika.

Gari lilikuwa limeinama kulia. Upande wa kushoto, nyuma, ulikuwa umepanda juu kama mtu aliyeinua bega. Akatazama tairi la kulia, akidhani limetoboka. Lilikuwa limejaa. Akaukandamiza ule upande wa kushoto kwa mikono yote miwili, haukusogea. Lile bamba la mzigo wa kudumu lilikuwa limesimama wima, gumu, halina cha kubeba.

Ameshuka.

Akamwendea mlinzi, akaongea kwa kunong'ona bila kujua kwa nini ananong'ona. "Ndugu yangu, tulipofika... umemwona mtu yeyote akishuka huku nyuma?"

"Yule mama mtu mzima?" Mlinzi alishangaa. "Si mama mkwe wako? Nilimshika mkono ashuke. Mkono baridi huo! Aliingia ndani na mkeo, akifuata kitanda."

"Ametoka?"

"Mimi sijabanduka hapa. Hajatoka."

Mpaka Nione alikimbia. Alipita ukumbini, akapita benchi lake, akasukuma mlango wa wodi bila kubisha. Ndani alikuwamo mkewe, amechoka, anang'aa kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona usoni mwake. Alikuwamo pia nesi, amesimama mbele ya mzani wa watoto, mtoto akiwa juu yake. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Nani aliingia na wewe?" alimuuliza mkewe.

"Manesi tu. Kwa nini?"

Nesi aligonga mzani kwa kidole, akamwinua mtoto, akamweka tena. "Mzani huu umekufa," alinung'unika. "Mtoto mdogo hivi hawezi kuwa mzito namna hii." Akaenda kuleta mwingine kutoka chumba cha pili. Akapima. Akasimama akiutazama, kisha akamfunga mtoto kitambaa haraka haraka na kumpa mama yake, bila kutaja alichokiona.

"Njoo umpokee mwanao," mkewe alisema. "Mikono imenichoka. Mzito huyu, jamani, kama ananing'inia."

Mpaka Nione hakusogea. Miaka yote aliyoomba mtoto ilikuwa imesimama mbele yake, na yeye alikuwa anautazama ule uso mdogo uliokunjamana, akitafuta ndani yake uso mwingine. Mtoto alifumbua macho. Hakulia. Alimtazama tu, kwa utulivu wa mtu mnayejuana naye.

"Mbona humpokei?" Furaha ya mkewe ilianza kuchuja. "Una nini? Mpokee, baba."

Angemwambia nini? Kwamba alimkubali mwenyewe, kwa kinywa chake? Akanyoosha mikono. Uzito ulimvuta hadi akalazimika kukaa ukingoni mwa kitanda, na mkewe akacheka, akamwambia baba gani huyu anayetetemeka kwa kushika mtoto.

Sasa mtoto huyo anatembea. Majirani humsifu kwa upole wake, maana halii, haanguki, na anapenda kukaa nyuma ya mama yake, amemshika shingo. Mama yake anampenda kufa. Hata baba yake anampenda, na hilo ndilo linalomtesa zaidi. Ila tangu jioni ile, kwa kazi au kwa ugonjwa, hajawahi kuwaacha mama na mwana peke yao ndani ya nyumba.