Mkato Katika Turubai la Milia

Saa nane na dakika kumi mchana wa Ijumaa, Mzee Mahmoud alirudi kutoka msikitini, akafungua duka lake la ushonaji, akakunjua turubai la milia juu ya meza ya kukatia, kisha akakaa sakafuni. Binti yake Mahfudha alishtushwa na kukaa huko kuliko kitu kingine chochote. Baba yake hakuwa mtu wa kuchafua kanzu.

Turubai lilikuwa limekatwa. Mkato mmoja, mrefu kama mkono wa mtu mzima, ulipita juu ya milia myekundu na myeupe kwa mshazari. Lilikuwa turubai la jukwaa la gwaride. Kapteni mmoja wa jeshi alikuwa amelileta mwenyewe, na angelifuata saa kumi na moja jioni hiyohiyo. Mwaka huo wa 1975 kitambaa kilikuwa adimu Kampala kuliko sukari, na sukari yenyewe watu walikuwa wanaisikia tu.

Pale dukani alikuwapo mteja mmoja, Sajini Olanya wa polisi wa barabarani, aliyekuja kutoka kituo chake cha Naguru kuchukua suruali iliyopunguzwa kiuno. Kazi yake ilikuwa kupima ajali: kuchora barabara, alama za matairi na pembe za magari yaliyogongana. Alibeba daftari, utepe wa kupimia na kipimapembe mfukoni kama wengine wanavyobeba tasbihi.

Wakataji wa duka walikuwa wawili. Nasser alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na mmoja. Farouk alikuwa na mwaka mmoja tu, na tayari alikuwa amemposa Mahfudha na kukubaliwa. Jumatatu ya wiki hiyo mzee alimpa pia ufunguo wa duka. Hebu mwambie mtu wa kazi ya miaka kumi na mmoja afurahi.

Nasser ndiye aliyesema kwanza.

"Tazameni mkato wenyewe. Umeanza juu kushoto ukashuka kulia. Mtu wa mkono wa kulia hakati hivyo. Hapa dukani wa kushoto ni mmoja."

Wote wakamgeukia Farouk. Farouk akautazama mkono wake wa kushoto.

"Nilikuwa msikitini," alisema.

"Wote tulikuwa msikitini," Nasser akajibu. "Lakini si wote tuna kaka aliyekimbilia Tanzania."

Hapo Mahfudha akafumba macho. Kwa Kapteni, turubai lililokatwa na mtu mwenye kaka Tanzania, walikokimbilia wapinzani wa serikali, lilikuwa hujuma, na wa hujuma alitiwa kwenye buti la gari, basi. Hakuna ofisi ambayo ungekwenda kumwulizia.

"Afande," alimwambia Olanya kwa sauti ya chini, "wakimchukua leo, kesho nitamwuliza nani yuko wapi?"

Olanya alikuwa na suruali yake tayari kwapani. Angeweza kuondoka. Mtu wa Gulu, ambako jeshi lilimshuku kila mtu, aliyevaa sare mwaka ule hakuwa na sababu ya kusimama njiani mwa Kapteni yeyote. Aliiweka suruali juu ya cherehani.

"Funguo ziko ngapi?"

"Tatu," alisema Mzee Mahmoud. "Mimi, Nasser, Farouk. Tulifunga saa sita na nusu kwenda kuswali. Kufuli halikuguswa."

Olanya alivuka barabara kwenda kwenye baraza la Helen, mshona magauni, ambaye kwa miaka alikuwa akihesabu wateja wa Mahmoud kwa jicho la kijicho. Watu wawili walikuwa wakingoja magauni yao hapo tangu saa sita, na wote walisema Helen hakuinuka kwenye cherehani.

"Nnyabo," alimwita kwa heshima ya Kiganda, "umeona mtu?"

"Naona moja, ssebo. Saa saba na robo. Anafungua mlango ya duka na ufunguo. Kanzu nyeupe, kofia. Uso sikuona."

"Mzee Mahmoud?"

Helen akacheka. "Yule na tumbo yake? Ningemjua hata kutoka Ggaba, kule ziwani! Huyu alikuwa kijana. Wa katikati, si mrefu, si mfupi."

Nasser na Farouk walikuwa wa kimo kimoja, na Ijumaa Waislamu wote huvaa kanzu. Olanya alirudi dukani saa tisa kasorobo.

"Farouk, msikitini ulikaa na nani?"

"Uani, juani. Ndani kulijaa. Simjui aliyekuwa kando yangu."

"Nasser?"

"Uani vilevile. Nilichelewa kidogo."

"Turubai mliliacha namna gani?"

"Limekunjwa kama gombo, milia nje," alisema Mzee Mahmoud. "Na ndivyo nilivyolikuta. Lilikuwa limebakia kupindwa ncha tu."

Olanya alilivuta turubai pembeni. Chini yake meza ya mvule ilikuwa na kovu jipya, jeupe, refu kama mkono. Mzee Mahmoud akaguna kwa uchungu. Ndani ya miaka ishirini hakuna aliyewahi kuikwaruza meza ile. Walikata kwa mkasi tu.

Sajini alipiga magoti, akaweka kipimapembe. Kati ya kovu na ukingo wa meza: nyuzi sitini na tano. Kisha akapima mkato na mlia wa turubai: sitini na tano vilevile. Akalitandaza turubai, milia juu, sambamba na ukingo wa meza, akijaribu kuuweka mkato juu ya kovu.

Haukukaa. Mkato ulishuka kwenda kulia, kovu likashuka kwenda kushoto, vikakatana kama miguu ya mkasi.

"Basi ligeuze, kichwa kiende miguuni," alisema Nasser haraka. "Labda lililazwa hivyo."

Olanya akalizungusha lote, ncha hii ikaenda kule. Mkato bado ulishuka kwenda kulia.

"Sasa tunapindua," alisema. Akalilaza kifudifudi, milia chini, mgongo mweupe juu. Mkato ukalala juu ya kovu bila kupita hata unywele.

Mzee Mahmoud alikuwa amesimama sasa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Lilikatwa kwa mgongoni," alisema. "Hivyo ndivyo ninavyowafundisha. Chaki na chuma visiguse uso wa kitambaa. Laza uso chini kwanza. Mwizi wa nje asingehangaika kulipindua."

"Kwa hiyo ni fundi wako, Mzee. Hata akija kuharibu, mkono wake unafuata adabu ya duka. Halafu anarudisha, anakunja, milia nje."

"Sawa, fundi," alisema Nasser. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Na Farouk si fundi?"

"Farouk ni fundi. Lakini angalia kovu. Linatoka juu kulia, linashuka kushoto. Huu ni mkono wa kulia. Maneno yako mwenyewe ya kwanza, mimi nimepindua tu."

"Alisimama upande wa pili wa meza! Ukisimama kule kila kitu kinageuka!"

Olanya akatabasamu kwa mara ya kwanza. Jibu hilo alilisikia kila wiki kutoka kwa madereva.

"Njoo upande wa pili. Wote njooni."

Wakazunguka meza. Kovu, kutoka kule pia, lilianza juu kulia likashuka kushoto.

"Barabara iko na kingo mbili," alisema Olanya. "Zinaenda pamoja, hata siku moja hazikutani. Tairi likiteleza, alama inakata kingo zote mbili kwa mstari mmoja. Dereva ananiambia, 'Afande, simama upande yangu, utaona alama ingine.' Nasimama. Pembe ya ndani ya ukingo huu na pembe ya ndani ya ukingo ule, moja kila upande wa alama, ni sawasawa. Shule tuliita pembe mbadala. Meza hii iko na kingo mbili sambamba. Sitini na tano hapa, pima kule."

Mahfudha alichukua kipimapembe mwenyewe, akapima ukingo wa pili. "Sitini na tano," alisema, na sauti yake ikapanda. "Baba, sitini na tano!"

Olanya alitandika karatasi ya kuchorea mitindo, akawapa kila mmoja chaki. Farouk alipiga mstari mmoja akisimama mbele ya meza, mwingine akisimama nyuma yake. Yote miwili ilishuka kwenda kulia. Nasser alishika chaki yake bila kuisogeza.

"Piga, Nasser," alisema Mzee Mahmoud.

"Sipigi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mzee alisema taratibu. "Nimekulisha miaka kumi na mmoja."

"Umenilisha!" Nasser aliitupa chaki, ikavunjika ukutani. "Nani alimfundisha Mahfudha kuendesha cherehani? Mimi. Nani alikaa na wewe ulipougua? Mimi. Nilikuwa nangoja ufunguo ule unijie kwa njia ya heshima, na binti nyuma yake. Akaja huyu na mkono wake wa kinyume, mwaka mmoja, akachukua vyote! Nilitaka aharibikiwe mbele yako, basi. Nilipoona mkato umelala kama wa kushoto, nikasema Mungu amenipa."

"Ungemuua," alisema Mahfudha.

"Sikulifikiri hilo."

"Ulilifikiri ulipomtaja kaka yake."

Wivu ulikuwa umemla mpaka mfupa, na sasa ulikuwa umeshiba ukamwacha peke yake.

Saa tisa na nusu. Farouk, bila kuambiwa, alichukua mkasi, akakata kitambaa sawa kila upande wa mkato, na mzee akaketi kuunga. Turubai lingepungua, lakini lingetosha jukwaa. Olanya alifungua daftari lake la ajali, akaandika tarehe, saa, jina la Nasser na namba ya kesi.

"Nasser, unasikia? Gari likifika, atataka mtu. Nikisema hujuma, umekwenda. Nikisema wivu, pengine unalala kwenye seli Naguru, jina lako kwenye kitabu. Lakini lazima aamini."

Kapteni alifika saa kumi na moja kamili na askari wawili. Alipapasa mshono mpya kwa kidole.

"Nani nakata turubai ya jeshi?"

"Huyu, afande," alisema Olanya. "Iko kwa kitabu ya polisi tayari. Si maneno ya serikali. Maneno ya mwanamke."

"Mwanamke gani?" Kapteni alimsogelea Nasser. "Wewe, sema. Unapenda nani?"

Nasser aliinamisha kichwa. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kulisema neno hilo.

"Sema, barabara isikie!"

"Mahfudha," alisema Nasser. Kisha akapaza sauti, uso umelowa machozi: "Nampenda Mahfudha!" Ng'ambo, cherehani ya Helen ilinyamaza.

Kapteni akamgeukia binti. "Na wewe, dada, unamtaka?"

Mahfudha alimtazama Nasser. Akaelewa kwamba huruma yoyote usoni mwake ingelifanya neno lile lionekane limepangwa, na Kapteni asingeamini.

"Simtaki, afande. Sijawahi kumtaka hata siku moja."

Kapteni alicheka mpaka akashika boneti ya Landrover. Askari wake nao wakacheka. "Polisi, chukua mtu yako," alisema akijifuta macho. "Mimi nitamfanya nini zaidi ya hiyo?"

Turubai lilipakiwa, gari likaondoka. Olanya na Nasser wakashika njia ya Naguru kwa miguu. Wakaanza kupanda kilima.

"Ungewaachia tu wanichukue," alisema Nasser.

"Usiseme hivyo," Olanya alijibu bila kusimama. "Ndugu zangu wawili walichukuliwa. Hakuna aliyewauliza walimpenda nani."