Rangi ya Tumbo la Boti

Kila asubuhi boti ile ilivusha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kwenda ng'ambo ya mkono wa bahari. Wengi walikuwa wanawake. Humo ndani walichana nywele, walinywa chai kwenye chupa, walimalizia usingizi. Nahodha alishika usukani mbele, nyuma ya turubai. Mkewe, ambaye abiria walimwita Mama, alikaa nyuma, karibu na injini. Alipokea nauli na kuwapa mkono wanaoshuka.

Awali usukani ulikuwa wa mtoto wao, kitindamimba. Aliugua homa, haikuchukua muda, akafariki. Baba yake, huyu Nahodha, alikuwa ameshaacha kazi na kukaa nyumbani. Ikambidi arudi kazini na mgongo wake mbovu.

Sasa boti nayo ilikuwa nzito. Injini ilinguruma, moshi ulitoka, lakini boti ilijikokota tu. Dizeli iliisha upesi. Kule kiwandani king'ora kikilia geti hufungwa, na aliyechelewa hurudi nyumbani bila kibarua. Abiria wakaanza kuhamia boti ya jirani. Waliobaki waliiita boti hii Kobe.

Siku moja jirani aliwapita katikati ya maji, akapunguza mwendo makusudi.

"Shemeji, hiyo ni boti au bustani? Naona majani yanaota chini."

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Nahodha alimwita fundi wa injini. Fundi alifungua, akasafisha, akafunga, akasema injini haina ugonjwa wowote. Nahodha alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba mambo yakiendelea hivi, itabidi boti iuzwe. Mama alikuwa anaosha vyombo. Mikono yake ikabaki ndani ya maji. Nguo za mtoto wao walikuwa wameshazigawa. Kilichobaki ni boti.

Ndipo walipomwendea fundi rangi, mwanamke wa makamo aliyeitwa Shangazi Brashi. Alisema boti ivutwe nchi kavu. Ilipopanda, kila mtu aliona. Tumbo lote lilikuwa limejaa mwani na magamba madogo meupe, magumu kama mawe. Mama aligusa, yakamkata kidole.

Shangazi Brashi alieleza kwamba hayo ni makazi ya vidudu vya baharini. Vikiwa vichanga huelea majini, havionekani kwa macho. Vikipata mahali pa kushika, vinashika na kujijengea gamba. Boti ikijaa magamba, maji hayapiti vizuri. Injini inasukuma kwa nguvu zake zote na mwendo haupatikani.

"Lakini niliipaka rangi mwenyewe," Mama akasema. "Yote, juu mpaka chini. Hata mwaka haujaisha."

Fundi alikwangua kidogo. Chini ya rangi ya kijani ikatokea nyingine, ya kahawia, iliyofifia kama kutu.

"Hii alipaka nani?"

"Mtoto," Nahodha akajibu, akitazama chini.

Aliipaka kabla tu ya kuugua. Msiba ulipokwisha, Mama alikwenda pwani akaikuta boti imelala na tumbo lake la kahawia. Aliona kama kazi haijakwisha. Mwanawe alipenda kijani. Basi akanunua makopo ya rangi ya milango, akaifunika boti yote.

Shangazi Brashi alimshika Mama mkono, akampeleka gatini, Nahodha akiwafuata. Hapo alikuwa ametundika mbao mbili majini kwa kamba, ili kuwaonyesha wateja. Alizivuta juu. Ubao wa rangi ya kawaida ulikuwa na magamba hata mbao haionekani. Ule mwingine ulikuwa na utelezi mwembamba tu. Akaupitishia kitambaa, ukatakata.

"Huu una rangi yenye shaba, kama aliyopaka mwanao," alisema. "Shaba hutoka kidogo kidogo, ikaingia kwenye maji yanayogusa boti. Vidudu haviipendi. Ukiifunika, haitoki tena."

Mama aliupapasa ubao ule safi.

"Basi nimeiharibu kazi yake."

"Siku ile, dada, hukuwa unapaka boti."

Mama akamgeukia mumewe. "Wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilimwita fundi wa injini nikiomba kosa liwe huko."

"Ukaninyamazia."

"Ulikuwa huli, mama watoto. Siku uliyoshika brashi, ulirudi ukala. Ningekunyang'anyaje?"

Mama akarudi kwenye boti. Alivaa glavu na barakoa, akaomba chuma cha kukwangulia. Shangazi Brashi alitandika turubai chini, akalowesha tumbo la boti ili vumbi lisiruke. Alisema uchafu wote ukusanywe kwenye mfuko na kupelekwa jalalani panapopokea taka za rangi. Usitupwe baharini, kwa kuwa shaba inayofukuza vidudu huwadhuru samaki pia.

Mama alikwangua mpaka akafika kwenye kahawia. Michirizi ya brashi ya mwanawe ilionekana bado. Akauliza kama nayo lazima itoke.

"Iliyoshika vizuri tunaipiga msasa tu," fundi akasema. "Mpya ni ya aina ile ile, itakaa juu yake."

Walipaka mikono miwili, yaani rangi juu ya rangi, kuanzia mstari wa maji kwenda chini. Juu waliacha kijani. Shangazi Brashi aliwaonya kwamba rangi hii haifanyi miujiza. Utelezi utakuja, waufute kwa kitambaa laini, si kwa chuma. Boti isikae bure muda mrefu, maana inayosimama hushikwa upesi. Rangi ikichakaa ipakwe tena, kama kopo linavyoelekeza. Na mwenye boti ya alumini asiitumie, kwa sababu shaba huila alumini.

Boti ikarudi majini. Matumizi ya dizeli yakapungua. King'ora kililia abiria wakiwa wameshaingia getini. Waliohama wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kwa aibu kidogo. Habari za kuuza boti zikaisha.

Asubuhi moja alipanda mfanyakazi aliyekuwa likizo ndefu, akimuuguza mama yake mbali. Habari za msiba hazikuwa zimemfikia; alisikia tu kwamba usukani alirudishiwa mzee. Walipofika ng'ambo, Mama alimpa mkono ashuke.

"Kijana wako karudi usukanini, Mama?" aliuliza akicheka. "Maana mwendo huu ni wake."

Mama hakuuachia mkono wake mpaka akakanyaga gati vizuri.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Ni mwendo tu uliorudi."