Maji ya Kuombea Ardhi

Hapana, lori halikuharibika. Lingeharibika ingekuwa nafuu, dereva angebaki nao na pipa lake la maji. Liligeuza likarudi Handeni, likawaacha porini, kando ya barabara, mzee Mbaruku, mkewe Mashavu, na jirani yao Yordani, mkata mkonge wa zamani. Wote wametolewa Mnyuzi, ile operesheni ya vijiji. Wazee wa mvi, eti waanze nyumba kama maharusi! Bwana wa serikali akawaambia, "Kijiji ni hapa. Boza la maji linakuja kesho."

Basi Mbaruku akashika debe, maji yote waliyokuwa nayo, akamwaga nusu chini kuiomba mizimu ya wazee wa ardhi ile. Sisi Wazigua hatuchimbii mti wa nyumba kwenye ardhi ya watu bila kuomba. Na boza si linakuja kesho?

Halikuja. Kesho kutwa, vilevile.

Mashavu akashikwa na homa. Midomo ikapasuka, ulimi ukawa mkavu kama gome.

"Hao wazee wako wangengoja," Yordani akasema. "Wafu wana kiu gani, bwana?"

"Nyamaza, chukua jembe."

Wakambeba mgongoni kwa zamu, miiba inawachana, mpaka korongo moja kavu lenye mikuyu. Mkuyu hauoti bure, chini lazima pana unyevu. Wakachimba mchanga. Mpini ukavunjika, wakachimba kwa mikono, kucha zikang'oka. Shimo likafika kifuani ndipo mchanga ukalowa. Mbaruku akachovya shuka yake, akamkamulia mkewe mdomoni.

Mashavu akafumbua macho. "Haya nayo utayamwaga?"

"Nisamehe, mke wangu."

"Mkeo ulimwacha kule, na debe lako."

Wakajenga vibanda palepale korongoni. Boza lilipokuja, Mashavu alishaanza kutembea, ila yeye alikuwa hamwiti tena mumewe kwa jina. Bwana wa serikali akashuka amefura.

"Nani kawaruhusu kutoka kwenye vigingi vya viwanja mlivyopimiwa? Rudini barabarani!"

"Huko kuna maji, baba?" Mashavu akauliza.

"Yataletwa."

Mashavu akaenda mekoni. Akaipua ugali, akaweka na mlenda. Akamnawisha Yordani, akamnawisha na mumewe, wakakaa chini. Yule bwana kasimama, jua la mchana utosini, anasubiri kuambiwa karibu.

Wakala mpaka wakakomba chungu. Hakuna aliyemkaribisha.