Kitanda Kilichosubiri Wageni

Baba Bonge alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati yaliyochakaa. Upande wa pili wa ua, mkewe alikoroga sabuni kwenye ndoo kubwa. Mume alimtengenezea vibao vya kugandishia sabuni hiyo, na mke alimpigia msasa viti vyake akipata nafasi. Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa kusaidiana na kutaniana.

Mtoto wao Bonge hakuwa bonge hata kidogo. Bibi yake alimpa jina hilo ili anenepe. Hajanenepa mpaka leo, lakini mbio anazo, na kila alipoisogelea ndoo ya sabuni alifukuzwa, maana dawa ya kutengenezea sabuni huunguza ngozi.

Bonge alizaliwa katika zahanati ya pale kijijini, jioni moja ya mvua, kwa mwanga wa tochi ya simu. Mama yake alivuja damu nyingi na hakuna aliyeiona mapema. Alipona kwa bahati tu. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na tumbo lilikuwa limeshuka. Alifurahi mchana. Akikaa peke yake aliogopa.

Siku moja Baba Bonge alirudi nyumbani akipiga mluzi.

"Nimemaliza mlango wa zahanati," alisema. "Mbao ngumu, bawaba nene, komeo la chuma. Mlango ule hauchezewi."

"Mlango wa chumba gani?" Mama Bonge aliuliza.

"Kile cha mwisho. Kuna kitanda cha wafadhili. Kitanda cha kujifungulia, kinapanda, kinashuka, kina mahali pa kuweka miguu. Na taa yake ya sola. Mama Bonge, kitanda kile ukikiona utatamani ulale hata kama huumwi."

"Mimi sihitaji kutamani. Nina mimba. Kitaanza kutumika lini?"

"Wageni wakija kukizindua."

"Watakuja lini?"

"Daktari anasema mwezi ujao."

Mama Bonge aliacha kukoroga. "Si mwezi uliopita alisema mwezi ujao?"

Baba Bonge alikuna kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria bawaba.

Hapa ndipo mimi ninayesimulia ninapoanza kupandwa na hasira, na sifichi. Kitanda kilikuwa kimefika tangu mvua za mwaka uliopita. Kilishushwa kwenye gari, kikaingizwa ndani, kikaachwa na nailoni yake. Tangu hapo wanawake walijifungua chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na kitanda hicho, kwenye kitanda cha zamani kilichovunjika mguu na kuwekewa matofali.

Siku ya kliniki ilipofika, Mama Bonge alikwenda kupimwa. Nesi mkunga alikuwa amehamia pale karibuni. Alimpima presha, akamsikiliza mtoto, akamuuliza habari za uzazi wa kwanza. Mama Bonge alimweleza yote. Nesi hakutabasamu.

"Mama aliyewahi kuvuja damu nyingi anaweza kuvuja tena," alisema. "Kwa hiyo wewe usisubiri nyumbani. Uchungu ukianza tu, njoo. Ukiona damu kabla ya uchungu, njoo. Kichwa kikikuuma sana, ukiona maruweruwe, au uso ukivimba, njoo, hata kama jikoni chungu kiko motoni."

"Nitakuja, Nesi. Nitalala wapi?"

Nesi alitazama kitanda chenye matofali. "Hapo," alisema. Kisha akamshika mkono. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Walizunguka nyuma ya jengo wakachungulia dirishani. Kitanda kilikuwa ndani, kimefungwa nailoni kuanzia kichwani mpaka miguuni. Taa ilisimama kando yake ikiwa na vumbi.

"Ukivuja damu, mimi nahitaji kuona," Nesi alisema. "Nikiona mapema, nakuchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, nakuwekea dripu, na damu inakata. Nisipoona, napapasa. Na betri ya taa ile, ikikaa bila kuchajiwa, inakufa. Watakuja kuzindua taa isiyowaka."

"Umemwambia Daktari?"

"Nimemwambia mpaka anaponiona anabadilisha njia."

Mama Bonge alirudi nyumbani na hakuigusa ndoo ya sabuni. Jioni mama mkwe wake alipomuuliza kulikoni, alimweleza. Bibi alikuwa akichambua mboga. Aliziweka chini.

"Yaani kitanda kipo," alisema.

"Kipo, Mama."

"Na wanawake wanazalia kwenye matofali."

"Ndiyo, Mama."

"Na mlango umefungwa na mwanangu mwenyewe, kwa mikono niliyoilea mimi."

Baba Bonge alisikia. Alijifanya anatafuta msumari.

"Mama, mimi ni fundi," alisema. "Nimeambiwa weka mlango, nimeweka."

Wiki hiyo hiyo aliitwa tena zahanati. Alikuta watu wengi nje. Mwanamke mmoja, muuza nyanya wa sokoni, alikuwa kwenye uchungu wakati matofali yalipoteleza. Kitanda kiliinama, naye akaanguka nacho. Mtoto alizaliwa salama baadaye, sakafuni, juu ya kanga. Lakini mama alivunjika mkono. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa, anajaribu kumnyonyesha mwanawe kwa mkono mmoja.

"Fundi, afadhali umekuja," Daktari alisema. "Tutengenezee huu mguu haraka. Kuna mwingine anaweza kuja leo."

Baba Bonge aliingia na nyundo yake. Aliona matofali yenye damu. Aliona kanga sakafuni. Aliona Nesi akifuta sakafu, tochi ameibana kwapani. Halafu aligeuka akauona mlango wake. Mbao ngumu, bawaba nene, komeo la chuma.

Aliweka nyundo chini.

"Daktari, sitengenezi," alisema.

"Kwa nini?"

"Nyuma ya mlango ule kuna kitanda kizima. Fungua."

Daktari alishusha sauti. "Fundi, wewe hujui. Mwaka juzi shule yetu ilipewa madawati. Watoto wakayatumia. Wageni walipokuja na kamera zao wakakuta yamechorwa na kukwaruzwa. Walituambia hatujui kutunza vitu. Nilikuwepo. Niliona aibu. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu anafungia kabatini hata vitabu. Wageni wakikuta kitanda kina madoa, hatupati tena msaada."

Nesi aliinuka na tambara mkononi. "Watoto walikaa kwenye madawati," alisema. "Walitaka wakae wapi, darini? Na hiki ni kitanda cha kuzalia, Daktari. Kisipokuwa na madoa ya kufuta, hakijafanya kazi."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa imemvunja mkono muuza nyanya. Nakasirika naye. Nawakasirikia zaidi waliomtia hofu hiyo, kwa sababu mtu akikupa dawati halafu akakugombeza kwa kulikalia, hajakupa kitu. Amekuachia mzigo umlindie.

"Ufunguo anao nani?" Baba Bonge aliuliza.

"Mimi," Daktari alisema. "Lakini siwezi kuamua peke yangu."

"Hilo ni kweli," Nesi alisema. "Na kukifungia vilevile hukupaswa kuamua peke yako. Zahanati ina kamati. Wajumbe wamechaguliwa na wanakijiji. Kifaa kikishapokelewa hapa ni mali ya zahanati, na zahanati ni ya wananchi. Kamati ina haki ya kuuliza kitu kiko wapi, kinafanya nini, na kikiharibika nani atakitengeneza. Itisheni kikao."

Baba Bonge alikuwa hajui kwamba kuna kamati. Wengi hawakujua. Hata mwenyekiti wake, mwenye duka la mbegu, alikuwa karibu amesahau kwamba yeye ni mwenyekiti.

Kikao kilifanyika kesho yake darasani. Watu walijaa mpaka madirishani. Muuza nyanya alikaa mbele, mkono wake umefungwa, na hakuna aliyehitaji kueleza tatizo ni nini. Daktari alisimama akaomba wapige simu kwanza kwa afisa wa shirika lililotoa kitanda. Aliweka sauti kubwa ili wote wasikie.

Afisa alishangaa. "Hakijaanza kutumika?"

"Tunawasubiri mje kukizindua," Daktari alisema.

"Ratiba ya wakubwa imebadilika," afisa alisema. "Wanapenda kupata picha kikiwa bado kipya. Mnaonaje mkivumilia kidogo tena?"

Watu waliguna. Bibi aliinuka akaomba simu.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mke wa mwanangu anajifungua mwezi huu. Ratiba yake haibadiliki."

Darasa zima lilicheka, lakini Bibi hakucheka. Alingoja watu watulie.

"Tunawashukuru kwa kitanda," aliendelea. "Shukrani hiyo ni ya kweli. Lakini jana mtoto amezaliwa sakafuni na kitanda chenu kiko chumba cha mwisho kimevaa nailoni. Mama yake yuko hapa, mkono umevunjika. Je, picha ya huyo mnaitaka?"

Afisa alikohoa. "Hapana, mama. Basi, kitumieni. Nawaruhusu."

"Hatukukupigia kuomba ruhusa," Bibi alisema. "Tumekupigia kukujulisha."

Kamati iliamua palepale. Kitanda kitumike. Nesi awafundishe wahudumu wote kukisafisha kwa dawa kila baada ya kutumika. Fundi mmoja akague skrubu na magurudumu kila mwezi, na wote wakamtazama Baba Bonge. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amekaa nyuma akitazama viatu vyake, aliinuka bila kuulizwa akasema vitabu vitatoka kabatini asubuhi.

Kutoka hapo walikwenda zahanati kwa pamoja. Baba Bonge hakungoja ufunguo. Aling'oa komeo lake mwenyewe kwa patasi, akaweka kitasa cha kawaida. Wanawake walichana nailoni. Walipobonyeza swichi ya taa, haikuwaka. Betri ilikuwa imekufa, kama Nesi alivyosema. Kitu kizima kilikuwa kimeuawa kwa kutunzwa. Kamati ilimpigia tena afisa, na safari hii hakuna aliyesema kwa kunong'ona. Betri nyingine ililetwa, pamoja na fundi wa sola aliyewaonyesha jinsi ya kupangusa vumbi kwenye paneli na dalili za betri inayochoka.

Uchungu wa Mama Bonge ulianza asubuhi, akiwa anakata sabuni. Hakumaliza kipande. Aliosha mikono, akachukua mfuko wake uliokuwa tayari na kanga safi na nguo za mtoto, akaenda. Mumewe alimfuata akiwa na msasa mkononi, mpaka njiani ndipo alipokumbuka kuutupa.

Na mchana wa siku hiyo wageni wakaja. Pengine ile simu iliwachoma. Walikuja na magari mawili, mpiga picha, na utepe mwekundu. Walikuta mlango umefungwa na Baba Bonge amesimama mbele yake.

"Tunaomba kuingia tupige picha ya kitanda," mpiga picha alisema.

"Kina mtu."

"Dakika moja tu."

"Humo ndani yumo mke wangu," Baba Bonge alisema. "Kaeni pale kwenye benchi. Pale ndipo watu wanapongojea."

Wakakaa. Mkuu wao, mama wa makamo aliyevaa miwani, alikaa katikati ya wanawake wa kliniki, utepe mapajani. Jua liliwafikia. Hakuna aliyewahamisha.

Ndani, mtoto alizaliwa akalia. Nesi alimpangusa akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili wapate joto. Kisha aliivuta taa karibu. Damu ilikuwa inakuja nyingi. Aliiona mara moja. Akachoma sindano, akaweka dripu, akakanda tumbo la Mama Bonge kwa nguvu, macho yake hayakubanduka. Damu ikapungua. Ikakata.

"Imekuwa kama mara ile?" Mama Bonge aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ilitaka kuwa," Nesi alisema. "Leo nimeiona."

Alipotoka nje alikuwa bado anavua glavu. Baba Bonge alimsogelea. Bibi ndiye aliyeuliza.

"Wote wazima," Nesi alisema. "Msichana. Huyu ni bonge kweli."

Baba Bonge alikaa chini ardhini akalia, na hakujificha. Mama mwenye miwani alimtazama, akatazama mlango, akatazama utepe wake. Aliukunja akautia mkobani. Alimwambia mpiga picha afunge kamera. Halafu akamgeukia Bibi, akauliza jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuliuliza pale kijijini.

"Mnahitaji nini kingine?"

"Tangi la maji," Bibi alisema. "Nesi ananawa kwa maji ya ndoo. Na likifika tutachota siku hiyo hiyo. Mkitaka kulikuta jipya, wahini."