Mahindi Mafupi ya Nasambu

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa shule ya misheni karibu na Eldoret waligeuza mahindi yao juani. Mwaka huo wa 1957, Mwalimu Nicanor alikuwa akijaribu mbegu chotara, na kila mwanafunzi alipewa aina yake na mstari wake shambani. Ambaye mahindi yake kumi yangetoa punje nzito kuliko za wenzake, angetuzwa debe la mbegu.

Nasambu alilitaka debe hilo kwa kufa na kupona. Mama yake, kibarua katika shamba la ngano la mzungu, alikuwa ametundika mbegu juu ya meko zikaushwe na moshi, lakini fukusi walizimaliza. Mvua ilikuwa karibu na nyumbani hapakuwa na cha kupanda.

Siku ya kupima, Nasambu alifika mapema. Mahindi yake yalikuwa mafupi, manene. Ya rafiki yake Chepkorir, aliyekuwa nyumbani na homa, yalikuwa marefu ajabu! Akatazama huku na huku, kisha akabadilisha karatasi za majina kwenye vikapu viwili.

Wazazi walikuja. Mahindi yakapukuchuliwa, punje zikawekwa kwenye mizani.

“Chepkorir wa kwanza!” Mwalimu akatangaza. “Nasambu wa mwisho.”

“Lakini hayo ni yangu!” Nasambu akaropoka.

Maskini, alijinasa mwenyewe! Akaangua kilio na kueleza yote. “Nilidhani marefu ndiyo mazito, Mwalimu.”

Mama yake aliinamisha kichwa kwa aibu. “Mwalimu,” akasema polepole, “hakuna anayelihitaji debe hilo kuliko mimi. Lakini mpelekee Chepkorir.”

Mwalimu hakugomba. Alichukua hindi moja lililobaki katika kila kikapu. “Hesabu mistari ya punje.”

“Hili refu lina kumi,” Nasambu akajibu huku akifuta machozi. “Hili fupi... kumi na sita.”

“Na refu halina punje kwenye ncha, gunzi lake ni nene. Lako limejaa hadi mwisho, na punje zake ni ndefu.”

Wakaenda wote watatu kwa kina Chepkorir. Nasambu alitua debe mlangoni, akaomba msamaha. Chepkorir, aliyejifunika blanketi, alinuna kwanza, kisha akashindwa kujizuia kucheka.

“Yaani uliniibia ukawa wa mwisho? Pole!” Akamgeukia mama yake. “Mama, lete kikapu tugawane mbegu nusu kwa nusu.”

Mama Nasambu alimkumbatia mtoto huyo hadi blanketi likaanguka.

Njiani, Mwalimu alimshika Nasambu bega. “Ulipalilia vizuri kuliko wote, kisha ukaikana kazi yako bila kuichunguza. Ulimwibia Chepkorir, mwanangu, lakini wa kwanza kuibiwa ulikuwa wewe.”