Matobolwa ya Mfukoni

Kila asubuhi Generoza alimwekea mume wake matobolwa mfukoni.

Alifanya hivyo tangu walipooana. Clemens alipokuwa zizini akiwafungulia ng'ombe, Generoza alilichukua koti lake la kahawia kwenye msumari. Alichota matobolwa kwenye kikapu, akaujaza mfuko wa kulia mpaka ukatuna. Matobolwa ni viazi vitamu tu. Vinachemshwa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juani mpaka vinakauka. Mtu anatembea na ng'ombe wake huku anatafuna, na siku inakwenda. Clemens hakuwahi kuyaomba. Generoza naye hakuwahi kuyataja. Mfuko ulitoka asubuhi umejaa, ukarudi jioni mtupu, na wote wawili waliridhika.

Waliishi kijijini, nje kidogo ya Ushirombo. Watoto walikuwa wameshakwenda kujitafutia maisha. Jenifa, mtoto wao wa kwanza, aliolewa Geita. Nyumbani walibaki wawili na ng'ombe wao, na utani usiokwisha.

Halafu Clemens akajikwaa kwenye kisiki. Kidole gumba cha mguu kikachubuka. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini kiligoma kupona. Alipokwenda hospitali pamoja na Generoza, walimpima, wakamwambia ana ugonjwa wa kisukari. Daktari alikisafisha kidonda, akampa vidonge, akamwambia ukweli bila kuuzungusha.

"Baba, sukari isiposhuka, kidonda hiki kinaweza kukataa kufunga. Tukifika huko, huenda tukalazimika kukata kidole. Wengine hufika hadi mguu. Kwa hiyo nataka umwone mtaalamu wa lishe. Atawasaidia kwenye habari ya chakula."

Generoza alilisikia neno kukata, na baada ya hapo hakusikia jingine.

Clemens alikuwa mtu wa miguu. Generoza alimpenda kwanza kwa mwendo wake, na hilo hakuwahi kumficha. Sasa alimwona akilini ameketi uani, anawatazama ng'ombe wake wakiondoka na mtu mwingine. Roho ilimuuma sana.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo hakumwambia mtu. Mtaalamu wa lishe ni mtu wa chakula. Na chakula cha Clemens kinapikwa na nani?

Akaamua kujiandaa. Mgeni akija si unafagia uwanja? Basi na yeye akaanza kufagia. Uji wa asubuhi akauondoa. Ugali akaupunguza mpaka ukawa tonge chache. Chai ikawa kavu, haina hata sukari.

"Mama Jenifa, umenichoka?" Clemens aliuliza siku ya kwanza, akiitazama sahani.

"Nataka wakikupima wakukute mzuri. Tusiende kugombezwa."

"Kwa hiyo tunakwenda kutibiwa au kutahiniwa?"

"Kula, baba."

Clemens alikula. Vidonge alimeza vilevile, kama daktari alivyosema. Na mfuko wa koti uliendelea kujazwa kila asubuhi, maana matobolwa hayakuwa chakula. Kwao chakula ni ugali. Mtu anaweza kutafuna matobolwa tangu asubuhi, ukimuuliza kama amekula, akakujibu kwa moyo mweupe kwamba hajala.

Ilipobaki siku moja waende hospitali, Generoza alilifua koti ili mume wake aende safi. Akalianika kwenye kamba. Siku hiyo Clemens alimeza kidonge chake, akanywa chai kavu, akaenda kurekebisha uzio wa zizi. Mfukoni hakuwa na kitu, kwa sababu hakuwa na koti.

Jua lilipopanda, Generoza alisikia ng'ombe wakihangaika. Alimkuta Clemens ameketi chini, ameegemea nguzo. Jasho lilimtoka na mikono ilitetemeka.

"Mama Jenifa," alisema taratibu, "dunia inazunguka."

Generoza aliita kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. Jirani yake, Martina, alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani na "mwangaluka" yake mdomoni. Salamu ikaishia hapo. Martina mwenyewe alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na hali ile aliitambua mara moja.

"Amemeza dawa?"

"Amemeza."

"Amekula?"

Generoza akatikisa kichwa.

"Lete maji yenye sukari. Upesi."

"Sukari? Si ndiyo tunayoikimbia?"

"Sasa hivi imemshuka mno, mama. Lete."

Martina alimuuliza Clemens jina lake na jina la ng'ombe aliyekuwa mbele yake. Alipoona anajibu na anaweza kumeza, akamnywesha. Baada ya muda mikono ilitulia. Wakampa uji na maharage yaliyobaki jana. Rangi ikamrudia usoni.

"Angekuwa hajitambui tusingemwekea kitu mdomoni," Martina alisema. "Tungemkimbiza hospitali. Na kesho mkifika, hili la leo mlieleze kwanza kabisa. Sasa niambie, kwa nini mtu anameza dawa ya sukari na tumbo tupu?"

Generoza akaeleza yote, macho yake chini. Martina hakumcheka, ingawa midomo ilitaka.

"Mimi nilifanya vibaya kuliko wewe," alisema. "Mara ya kwanza nilimwambia mtaalamu kwamba ninakula mboga za majani tu. Akanipa ushauri mzuri sana wa mtu anayekula mboga za majani tu. Bahati mbaya mtu huyo sikuwa mimi."

Hata Clemens akacheka, pale alipoketi.

"Sasa tukienda tufanyeje?" Generoza aliuliza.

"Kwanza ale kama siku zote, asijinyime tena. Yule mtaalamu hana fimbo. Anataka kujua mnavyoishi, ili awapangie kitu mtakachoweza kukifuata. Chukueni dawa zake zote. Na ile ya mizizi aliyopewa na kaka yake pia, usinitazame hivyo, kijiji kizima kinajua. Bebeni karatasi za vipimo. Mimi nilibeba hata bakuli langu. Ukimwambia mtu bakuli moja, yeye atajuaje ukubwa wake?"

"Na mimi niende?"

"Wewe ndiye mpishi. Usipokwenda, atarudi na maneno nusu. Tena fikirieni siku moja ya kawaida, tangu kuamka mpaka kulala. Kila kinachopita mdomoni, siyo ugali peke yake. Na lile swali mnaloogopa kuuliza, ulizeni hilo. Ila msisubiri sindano. Kule mtakaa na kuzungumza, na mtarudi tena, kwa sababu siku moja haitoshi."

Asubuhi iliyofuata Clemens alikunywa uji wake. Koti lilikuwa limekauka. Generoza akalitoa kwenye kamba, na mkono wake, bila kumuuliza mtu, ukaenda kwenye kikapu.

Mtaalamu wa lishe aliitwa Ezekiel. Alikuwa kijana, mdogo kuliko Jenifa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," waliitikia, na Clemens akakaa wima. Si rahisi mtu mzima kuulizwa na mtoto habari za tumbo lake.

Wakaeleza kwanza tukio la jana. Ezekiel alisikiliza mpaka mwisho. Akampima sukari palepale, akawashukuru kwa kulisema.

"Habari ya dawa nitaongea na daktari leo hii. Msiipunguze wala kuiacha wenyewe. Na hii ya mizizi, baba, iache kwanza, maana hatujui inafanya nini ikikutana na vidonge. Sasa niambie, siku ya kawaida unakula nini?"

"Asubuhi uji na chai. Jioni ugali na mboga."

"Na mchana?"

"Mchana sili. Niko na ng'ombe."

Ezekiel alizitazama karatasi za vipimo. "Baba, kipimo hiki kimoja kinaonyesha sukari ilivyokwenda kwa miezi kama mitatu. Kujinyima siku chache hakukidanganyi. Kinaniambia kuna kitu bado hatujakitaja."

Generoza alikumbuka maneno ya Martina. Kila kinachopita mdomoni. Akaunyoosha mkono kwenye mfuko wa koti la mume wake, akatoa matobolwa, akayaweka mezani. Akatoa tena. Na tena, mpaka yakawa rundo.

"Na haya je," aliuliza, "ni chakula?"

Clemens alitazama sakafu.

"Ninamwekea mimi," Generoza akaendelea, na sauti ikaanza kukatika. "Kila siku, tangu tuoane. Kama haya ndiyo yanayomkata mguu, basi anayemkata ni mimi."

Akalia. Hakujali tena kwamba kijana anamwona.

Ezekiel alisogeza kiti chake karibu. "Mama, hakuna mtu uliyemkata. Ugonjwa huu hauji kwa kitu kimoja, na viazi si sumu. Ila ndiyo, ni chakula. Viazi na ugali ni ndugu, vyote ni wanga, na wanga ukiingia mwilini unageuka sukari. Kwa hiyo baba anakula uji asubuhi, anakula haya mchana kutwa, halafu jioni anakuja kuanza ugali. Tungezungumza ugali peke yake, tungekosa njia. Leo umenisaidia mimi, na umemsaidia yeye zaidi."

Akaomba bakuli na sahani walivyokuja navyo kutoka nyumbani. Akachora kwa kidole juu ya sahani: nusu mboga za majani, robo ugali, na robo ya mwisho maharage, dagaa au samaki.

"Sisi tunakula sahani moja," Generoza alisema, akijifuta macho. Hilo nalo lilimtia hofu. Hakutaka ugonjwa uwatenganishe mpaka mezani.

"Pakueni sahani mbili, mkae mkeka mmoja. Tena chakula hiki ni kizuri hata kwako. Usimpikie yeye cha mgonjwa na wewe cha mzima."

Clemens alikohoa. Alikuwa na swali, na lilikuwa limemkaa kooni tangu nyumbani.

"Matobolwa niyaache?"

Aliuliza polepole mno, hata Generoza akageuka kumtazama.

"Hapana," Ezekiel alisema. "Wewe unameza dawa na unatembea sana. Mchana usikae na njaa. Nipe mkono."

Akakishika kiganja cha Clemens, akakiwekea matobolwa mpaka kikajaa. "Hiki ndicho kipimo chako. Ongeza karanga kidogo. Usiseme tena mchana huli, maana hicho ndicho chakula chako cha mchana. Na mfuko wa pili ubebe sukari kidogo kwenye kinailoni. Jasho na kutetemeka vikianza, lamba hiyo kwanza, kisha ule. Kidonda kisafishwe zahanati kama daktari alivyosema, na usiende machungani bila viatu vya kufunika. Mkirudi tutaona kinachowashinda, tukibadilishe."

Walirudi na bajaji mpaka njia panda, kisha wakatembea pole kwa pole kwa sababu ya kidonda. Karibu na nyumbani Clemens akasimama.

"Mama Jenifa, siku nyingine nilikuwa nayala hali nimeshiba."

"Kwa nini sasa?"

"Niliona vibaya kurudi na mfuko umejaa. Nilisema moyoni, utadhani sijali."

Generoza alimtazama mzee wake, akashindwa acheke au alie, akafanya vyote viwili. Miaka yote ile kila mmoja alikuwa akimpenda mwenzake kimyakimya, na sukari inapanda.

Mambo hayakunyooka siku moja. Sahani yenye nusu mboga ilimtia Clemens huzuni, na alilisema hilo wazi. Mchicha na mlenda viligeuka habari ya kila jioni. Martina alipita akimtania kwamba sasa ng'ombe wake watamwonea wivu. Walirudi kwa Ezekiel, wakasema kilichowashinda, naye akapunguza hapa, akaongeza pale. Daktari alirekebisha dawa. Sukari ikaanza kushuka kidogo kidogo, na Clemens hakutetemeka tena kama siku ile ya zizini.

Kisha siku moja muuguzi wa zahanati alifungua bandeji, akakitazama kidole, akasema bandeji nyingine haihitajiki. Kidonda kilikuwa kimefunga. Generoza aliomba akiguse. Akakigusa, asikiachie upesi, na muuguzi akamwacha.

Koti la kahawia bado linaning'inia kwenye msumari uleule, lakini Generoza halijazi tena kwa siri. Asubuhi anasubiri Clemens atoke zizini, amevaa viatu vyake vya kufunika.

"Lete mkono," anamwambia.

Clemens anaunyoosha mkono. Generoza anakijaza kiganja, anakifumba kwa mikono yake miwili, anakishikilia kidogo. Siku hizi anakishikilia muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

"Ng'ombe wananisubiri," Clemens anasema, na hautoi mkono.

Kisha anayatia mfukoni, anatangulia mbele ya ng'ombe wake, na Generoza anasimama mlangoni akiutazama ule mwendo mpaka anapotea kwenye miti.