Kamba ya Tangi la Tatu

Tangi la tatu lilikuwa linanukia udi. Namayiana aliisikia harufu hiyo alipoinamia mdomo wa tangi hilo, siku yake ya kwanza katika kiwanda cha kukamua alizeti, Mabwerebwere, Kilosa. Akashangaa. Tangi lilikuwa tupu tangu msimu uliopita.

"Shikamoo mwalimu. Humu mnanukia udi."

"Marahaba. Ni mashudu yameoza, binti," alijibu Jovin, mkufunzi wa usalama kazini, bila hata kumtazama. "Sikilizeni nyote. Mmoja anashuka kusafisha, mwenzake anashika kamba. Ikivutwa mara tatu, mtoe. Na mshika kamba haiachii, hata akiitwa na nani."

Jilala, mwajiriwa mpya kama yeye, akafunga mkanda wa kamba kiunoni, akashuka ngazi ya ndani huku anacheka. Jovin akateremka nje na wengine kuwaonyesha swichi ya kuzimia mashine. Juu ya tangi akabaki Namayiana, jua la saa nne, na kamba iliyopita kwenye kapi.

Kicheko kikakatika.

Kamba ikavutwa mara tatu. Akaanza kuvuta.

"Dada, unamvuta nani?"

Ilikuwa sauti ya Jilala, nyuma yake.

"Mimi nimeshatokea mlango wa chini. Achia. Hicho si mtu."

Udi ukamjaa puani, pumzi ya baridi ikampita shingoni juani pale pale, na huko chini kitu kizito kikawa kinajigonga kwenye bati kila alipovuta, akatamani kugeuka, akatamani kuachia akimbie, lakini mikono yake, iliyokulia kwenye kamba za ndama mbugani kwao, iligoma kufunguka, ikazidi kuvuta, naye amefumba macho akimwomba Enkai, Mungu wa kwao, kwa lugha ya mama yake, hadi kichwa kikachomoza.

Alikuwa Jilala, midomo imegeuka rangi. Nyuma hapakuwa na mtu.

Wenzao walikuja mbio, wakamteremsha kivulini, wakampepea mpaka akapata pumzi.

"Dada," alinong'ona, "mbona ulikuwa unaniambia nifungue mkanda?"

"Mimi? Sikusema neno, kaka."

Jovin alifungua kinywa awakemee, kisha akageukia tangi. Kutoka ndani ya tangi tupu, sauti ya Namayiana ilikuwa inaita taratibu, kwa adabu zote:

"Mwalimu Jovin. Shuka basi. Nipo huku."